Mlima wa Kuazima

Buyenzi, mtaa wetu wa mjini, ni tambarare kama sinia. Ukimwaga ndoo ya maji barabarani, maji husimama palepale yakiwaza yaende wapi, na mwisho hukauka bila kufika popote. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililoninyima kazi ya kufundisha chuo kikuu. Wakubwa wa chuo chenyewe, ambacho sitakitaja wasije wakafurahi kutajwa, watakwambia si kweli. Watakwambia kazi ilitangazwa, wengi wakaomba, akapewa aliyestahili. Ukiwauliza ushahidi uko wapi, watakufungulia kabati kwa heshima zote, na kabatini hutakuta kitu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya vita. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jiografia, na kazi yangu ya kumalizia niliandika juu ya mvua inavyokokota udongo wa milima yetu na kuutupa ziwani. Milima yenyewe niliisomea kwenye ramani, maana barabara za kwendea huko zilikuwa na watu wasiopenda wasomi wala wasio wasomi. Nilipata alama nzuri. Baba yangu, fundi wa magari asiyejua kusoma Kifaransa, alikifunika kitabu kile kwa plastiki akakiweka kwenye kabati la vioo, pamoja na vikombe vya wageni. Mteja aliyetaka kukiona alitumwa kwanza akanawe mikono.

Tangazo la kazi ya mwalimu msaidizi lilipotoka, nikapeleka maombi. Wiki ileile mtaa mzima ukaanza kumwita baba Papa Prof. Ndivyo tulivyo Buyenzi: cheo hutangulia, kazi itafuata ikipata nafasi. Baba alilikubali jina lile bila hata kujifanya kulikataa. Aliitwa hivyo msikitini, akaitwa hivyo sokoni, na wateja wake wakalishika, wa mtaa wa Kamenge waliochomewa nyumba na wa mtaa wa Ngagara, upande wa pili wa vita, ambao kwa miaka ile wasingethubutu kukanyaga Kamenge. Wote walileta magari yao kwake, wakasimama upande huu na upande ule wa injini iliyofunuliwa wakikwepana macho, na wote walimsalimia Papa Prof. Kwa hiyo baba alikuwa amekwisha kuwa baba wa profesa. Mimi ndiye niliyebaki na deni la kuwa profesa.

Lazima nieleze neno moja. Katika mji wetu, kumwita mtu Mswahili si kutaja lugha yake. Ni kuwaonya waliopo washike mifuko yao. Mswahili ni mtu wa maneno mengi, wa biashara ya hapa na pale, fundi, dereva, muuza vipuri. Kwamba anaweza kusoma ramani ni habari ambayo haijawafikia wengi. Siku nilipopeleka maombi, waliokuwa mbele yangu kwenye foleni walisalimiwa kwa Kifaransa. Nilipofika mimi, mama sekretere wa idara aliitazama kofia yangu, akanibadilishia lugha kwa upole mkubwa, akaniuliza kama mimi ndiye fundi wa mashine ya fotokopi.

Nikamwambia nimeleta dosye, maana faili kwetu huitwa hivyo. Akaipokea kwa ncha za vidole. Alikuwa mama mnene mwenye sauti nzuri ya kwaya, na sina ugomvi naye hadi leo. Aliipitia karatasi kwa karatasi, akafika kwenye fomu, akasimama.

“Hapa kwa mulima wa kuzaliwa umeandika Buyenzi.”

Nikasema ndiko nilikozaliwa.

“Lakini Buyenzi haiko mulima, mwanangu.”

Nikamwambia hilo nalijua, mimi ni mtu wa jiografia. Hakucheka. Aliishika dosye yangu akalifungua kabati la chuma lililokuwa nyuma yake, na hapo ndipo nilipoona jinsi mambo yalivyopangwa. Dosye hazikupangwa kwa majina wala kwa masomo. Zilipangwa kwa mikoa, na ndani ya mkoa kwa mlima aliotoka mtu. Mama sekretere alisimama na dosye yangu mkononi kama mtu aliyeshika kuku kwenye nyumba ya wageni, akitafuta pa kumweka. Mwisho akaiweka juu ya kabati, kwenye vumbi, akanihakikishia kwamba hapo ni salama.

Mtu wa mbali atauliza mlima una kazi gani kwa mwalimu. Basi asikilize: kwetu shamba hakuna vijiji, kila ukoo una mlima wake. Nchini mwetu kabila lilikuwa haliulizwi. Watu waliuliwa tu kwa ajili yake, kuuliza ndiyo ilikuwa aibu. Waungwana wale wa chuo walikuwa na adabu ya kupindukia, wasingeweza kumtazama mtu usoni wakamuuliza wewe ni nani. Waliuliza mlima. Ukitaja mlima, mwenye akili anajua mkoa, anajua ukoo, anajua baba yako alisoma na nani, anajua wewe ni wa upande gani na utamuunga mkono nani siku ya kupiga kura ya mkuu wa idara. Neno moja dogo, na hakuna aliyetukanwa.

Niliporudi kuulizia, dosye yangu haikuwepo. Mama sekretere alipanda kiti, akapapasa juu ya kabati, akashuka na utando wa buibui kwenye kilemba. Alisikitika kweli. Akaniambia nilete nyingine, na safari hii ile nafasi ya mlima niiache wazi. Nikaleta nyingine, nikaiacha wazi. Nayo ikapotea. Yenye Buyenzi haikuwa na pa kukaa, na isiyo na kitu ilikaa vibaya zaidi. Nilipouliza mara hii, mama hakupanda kiti tena.

Watu wa mjini wakanicheka kwa kutojua dunia. Dosye haitembei kavu, wakasema, iloweshe bia. Mkuu wa idara alikuwa akikaa Kibenga, na Jumamosi alikuwa na meza yake kwenye baa moja karibu na ziwa, pamoja na wakubwa wenzake. Nenda mkasalimiane, waliniambia, usiombe kitu, onekana tu. Nikaenda. Walinikaribisha vizuri, nikapewa kiti, mhudumu akaja, nami nikaagiza soda.

Sijawahi kuona meza ikinyamaza haraka vile. Katika miaka ile mtu aliyekaa baa na soda alikuwa mmoja wa wawili: mgonjwa, au mpelelezi. Mimi nilionekana mzima. Mazungumzo yaliyokuwa yamepamba moto yakahamia kwenye hali ya hewa. Nikatamani niwaeleze kwamba mimi ni Mwislamu tu, lakini ukianza kujieleza mbele ya watu waliokwisha kukushuku, kila neno linakuwa kosa jingine. Mkuu wa idara, bwana mwenye miwani na kicheko cha taratibu, akajaribu kuniokoa kwa kuniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Buyenzi.

“Apana. Kwenu kabisa.”

“Buyenzi kabisa.”

“Na babu yako?”

Nikamwambia babu alikaa kwenye avenyu yetu ileile, njia ileile ninayokaa mimi, nyumba ya pembeni, akazikwa mjini hapahapa. Wakatazamana. Mkuu akacheka kile kicheko chake, akanigusa bega, na hakusema kwa ubaya.

“Mutu haiwezi kutoka kwa avenyu, mutoto. Mutu anatoka kwa mulima.”

Nikamaliza soda yangu. Ilikuwa ya moto.

Nilipomsimulia baba, sikusimulia yote. Niliona haya kumwambia kwamba jina lake jipya limekwama kwenye suala la mwinuko. Lakini baba alikuwa na tabia ya fundi: ukimwambia gari haliendi, hataki kusikia majuto, anataka kujua ni kipuri gani. Akaniuliza kinachokosekana ni nini hasa. Nikamwambia ni mlima. Akafuta mikono, akashangaa kweli.

“Mulima tu? Inchi yote hii ni milima. Tutakosa mumoja?”

Baba alikuwa na rafiki, muuza makaa aliyeshusha magunia mjini kwa lori kuukuu lililofia mikononi mwa baba kila mwezi na kufufuliwa. Alikuwa Mkristo wa shamba, mcheshi, mwenye mlima wake halisi, wa mababu, wenye mto chini na kanisa juu. Baba alimweleza shida yetu. Kwake lilikuwa jambo la kawaida tu, mtu anaomba jembe, unampa. Akasema mlima upo, hauliwi, nichukue. Baba akataka kumshukuru kwa bia kama ilivyo desturi, lakini baba mwenyewe na bia walikuwa hawapitii mlango mmoja, basi akamtengenezea breki za lori bure. Huenda mimi ndiye msomi pekee aliyepata asili yake kwa breki.

Jioni kadhaa muuza makaa alikaa uani kwetu akinifundisha kwetu. Mto unaitwaje, shule iko ubavu gani, nani jirani wa juu, nani jirani wa chini, nani waligombania mpaka wa mgomba na kesi ikaishaje. Nilichora ramani yake. Nilijua mteremko wake kwa nyuzi, nilijua mvua ikinyesha udongo utakimbilia wapi. Sijawahi kuufahamu mlima wowote kama ule, na sikuwa nimeukanyaga hata mara moja. Baba alisikiliza huku akifunga nati, akiridhika, kama vile tulikuwa tumehamia huko.

Nikapeleka dosye ya tatu. Mama sekretere alipofika penye mlima, uso wake ukafunguka. Hakuuliza Buyenzi ile ilikwenda wapi. Alifungua kabati, akatelezesha kidole, akaichomeka dosye mahali pake, ikaingia vizuri kabisa. Akaniambia sasa ndiyo dosye. Nikaitwa kwenye usaili kabla hata sijaanza kuhangaika. Mtaani shangwe zilipigwa mapema, na baba akanipeleka kwa fundi cherehani apunguze koti la mjomba linitoshe.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Walisahau kutaja mlima, lakini ni hesabu ileile.

Wasaili walikuwa watatu, mkuu wa idara katikati. Nilijiandaa kwa maswali ya mmomonyoko, ya ramani, ya mvua. Hawakuuliza hata moja. Mkuu aliifungua dosye, akaitazama fomu, akaitazama kofia yangu, na nikaona hakuisahau ile avenyu ya babu.

Akaniuliza habari za mlima. Nikazitoa. Mto, shule, kanisa, majirani, kesi ya mgomba. Niliongea vizuri mno, ndiyo balaa la kusoma sana. Kadiri nilivyozidi kuujua mlima ule ndivyo chumba kilivyozidi kupoa. Mmoja wa wale wawili aliweka kalamu chini. Nilikuwa sijui, na muuza makaa alikuwa bado hajapata njia ya kuja kutuambia, kwamba tangu siku chache waasi walikuwa wamelala kwenye mlima ule, na redio ilikuwa imeutaja.

“Mara ya mwisho umefika kule ni wakati gani?” mkuu akaniuliza.

Nikafikiri haraka. Nikisema juzi, mimi ni mwasi. Nikisema sijafika kabisa, mimi ni mwongo, tena mwongo Mswahili, jambo ambalo lingewafurahisha kwa kuthibitisha waliyoyajua. Nikasema sijafika kitambo. Mkuu akaandika kitu, akafunga dosye, akanishukuru kwa Kifaransa. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha kwa Kifaransa, lugha ya barua za kukataliwa, na nikajua nimekwisha.

Kazi akapewa kijana mwingine, mpole, ambaye alama zake hazikuwahi kutangazwa, na ambaye mlima wake ulitazamana na mlima wa mkuu wa idara, kiasi kwamba wangeweza kupigiana mluzi. Simlaumu. Mtu hachagui pa kuzaliwa, mimi nimejaribu. Lakini nilitaka kuona alama zangu. Nikamwendea mama sekretere, akafungua kabati, akatelezesha kidole palepale alipokuwa ameichomeka dosye kwa furaha. Pengo lilikuwepo. Dosye haikuwepo.

Nikapanda kwa mkubwa wa juu yao kushtaki kwamba nimebaguliwa. Alinisikiliza kwa subira ya mtu aliyekwisha kuchoka kabla hujaanza. Akasema ubaguzi ni neno zito, na neno zito halisemwi bila ushahidi. Nilete ushahidi kwamba nilisailiwa. Nikamwambia ushahidi uko kwenye dosye. Akaagiza dosye iletwe. Akaambiwa hakuna dosye. Akanigeukia, akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto kwamba mwezi hauchumwi, kwamba pasipo dosye hakuna mwombaji, na pasipo mwombaji hakuna aliyebaguliwa. Niliwahi kusoma mantiki, na nilipata alama za kutosha tu. Huyu angeweza kuitunga upya.

Nilikasirika. Sitaki kulificha hilo kwa mzaha. Nilitembea kwa miguu kutoka kule juu hadi Buyenzi nikiongea peke yangu, na hasira yangu kubwa haikuwa kwa ajili yangu. Ilikuwa kwa sababu nilipofika kona ya kwetu nilimsikia mtu akimwita baba Papa Prof, na baba akaitikia.

Haikuishia hapo. Baada ya siku chache alikuja garaji mtu mmoja nadhifu na pikipiki. Akasema haiwaki vizuri. Baba akaiwasha, ikawaka kwa pigo la kwanza. Akaizima, akaiwasha tena, ikawaka. Baba akajua hapohapo, maana katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumletea chombo kizima. Akavuta kiti, akamketisha mgeni, akaagiza chai, akaanza kuipangusa ile pikipiki isiyo na kosa huku akingoja ugonjwa halisi utajwe. Ukatajwa. Mgeni alitaka kujua habari za yule kijana wa mlima fulani anayekaa hapa.

Sikuwa mbali, nilikuwa nyuma ya pazia la chumba, nami nikajua alichoandika mkuu kimefika kwa wapelelezi. Watu walichukuliwa kwa swali dogo kuliko lile. Baba hakupandisha sauti. Aliita majirani. Akaja mama wa mandazi, akaja muuza vipuri, akaja mzee mwadhini, wakaja na wengine ambao hawakuitwa, kwa kuwa Buyenzi kuitwa si lazima. Baba akawauliza mbele ya mgeni mimi ni wa mlima gani. Wakashindana kuniangamiza. Huyu? Huyu hana mlima, babu yake hakuwa nao, ukoo mzima hawana hata kichuguu. Mama wa mandazi akasema alikuwepo nilipozaliwa, chumba kile, kitanda kile, na kwamba hata ng'ombe ninamwogopa. Mwadhini akaapa. Nikasikiliza mtaa mzima ukinivua asili yangu kipande kwa kipande, na sijawahi kuwapenda watu kama nilivyowapenda siku ile.

Mgeni akanywa chai yake akaondoka. Baba akamfuata kumkumbusha pikipiki.

Muuza makaa naye akaja, si na magunia. Alikuja na mkewe na watoto, wamekaa juu ya lori kwenye vyombo walivyowahi kuviokoa. Baba akawapa chumba cha uani. Usiku wa kwanza mwenyewe akaniambia kwamba ule mlima nisiuombe tena, haukubaki nyumba. Mimi nilipoteza karatasi yenye jina la mlima ule. Yeye aliupoteza mlima wenyewe, na hakuna aliyemwomba ushahidi.

Miaka ikapita, na vita navyo. Nikafundisha shule ya sekondari, nikaoa. Baba aliendelea kuitwa Papa Prof, kwa mazoea. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumvua, na yeye hakuwa na moyo wa kuitika kwa sauti kama zamani. Chuoni, walimu wakawa wanakimbia mmoja mmoja. Waliopata safari za masomo Ulaya hawakurudi, hata yule mpole wa mlima wa kutazamana aliaga kwamba anakwenda mkutanoni, na mkutano ule bado unaendelea mpaka leo.

Ndipo mama sekretere alipokuja garaji kwetu mwenyewe, kwa miguu, jasho likimtiririka. Ametumwa na mkuu. Somo la ramani halina mtu, wanafunzi wanagoma, nikafundishe. Malipo kwa saa tu, kama mwalimu mgeni. Nikamuuliza nilete dosye safari hii yenye mlima gani. Akainamisha macho.

“Dosye haina kazi. Kuja tu.”

Kwa hiyo walikuwa wanaweza. Miaka yote ile kumbe iliwezekana mtu kufundisha bila kutoka popote, mradi asiandikwe. Nilitamani kukataa, na nilikuwa nimeshafungua kinywa. Lakini baba alikuwa chini ya gari karibu yetu, na nyundo iliyokuwa ikigonga ilikuwa imenyamaza. Nikasema nitakuja.

Nikafundisha. Nilipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kuidhania, nakiri, na wanafunzi walijaa mpaka kwenye vizingiti. Wa Kamenge na wa Ngagara walikaa benchi moja, kwa kuwa benchi hazikutosha. Lakini kwenye ratiba ya ukutani somo langu liliandikwa jina la mkuu wa idara. Mitihani niliitunga mimi, nikaisahihisha mimi, na alama zikatiwa sahihi naye. Malipo yalikuja pale walipokumbuka. Mtu akitazama karatasi za miaka ile atasema mkuu alikuwa mchapakazi ajabu, aliweza kuwa Kibenga na darasani kwa wakati mmoja.

Mtaani hilo likajulikana. Jirani mmoja alikuwa na binti chuoni, akasema uani kwa watu kwamba jina langu halimo popote, si kwenye ratiba, si kwenye orodha ya walimu. Hakusema kwa chuki, alisema kama habari. Utani ukaanza. Papa Prof, profesa wako wanamficha wapi? Papa Prof, au anakwenda kufagia? Baba akazidi kuinamia injini yake. Nami sikuwa na la kumwonyesha. Ningemwonyesha nini? Nilimwambia niulize mimi, baba, nafundisha. Akasema anajua. Hakuonekana kujua.

Asubuhi moja, bila kuniambia, alivaa kanzu na koti, akapaka mafuta viatu, akapanda kule juu chuoni ambako hakuwahi kufika. Haya yaliyofuata nilisimuliwa na mlinzi wa getini. Baba alimwambia amekuja kumwona mwanawe, mwalimu. Mlinzi, kijana wa adabu, akaichukua orodha akaipitia kwa kidole kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Akamwambia, mzee, mtu huyo haiko kwa liste. Baba akamwomba aangalie tena. Akaangalia tena. Halimo.

Darasa langu lilikuwa la kwanza kutoka getini, na madirisha yake yalikuwa hayana vioo tangu siku mbaya moja ambayo hakuna aliyetaka kuikumbuka kwa kuweka vipya. Nilikuwa naeleza mteremko. Sauti yangu ni kubwa, ni sauti ya garaji, nimeizoesha kushindana na nyundo. Baba akainua kichwa. Hakubishana na mlinzi. Akaomba nafasi kwenye benchi lake, akakunja kanzu, akakaa.

Nilipotoka nilimkuta hapo, mikono juu ya magoti, viatu vimeshika vumbi. Niliogopa kwanza, nikadhani kuna msiba nyumbani. Nikamuuliza amekaa muda gani. Akanyanyuka taratibu.

“Wananiambia we hauko hapa. Nikawaambia sawa, basi muniache nikae nimusikilize huyu mwenye haiko.”

Akasema nimeongea vizuri, isipokuwa pale mwisho, nilikimbia. Nikainama nikampangusa vumbi la viatu. Tulipoanza kuondoka mlinzi akatuingilia. Alikuwa amesahau kazi yake kwa kumheshimu mzee, na sasa alimfuata mbio na daftari la wageni, maana hakuna anayeruhusiwa kupita geti lile bila kuandikwa. Baba akaishika kalamu kwa vidole vyake vya mafuta, akaandika jina lake kwa herufi za madrasa, polepole, akajaza kila nafasi. Penye mahali atokapo akaandika Buyenzi, na mlinzi hakumwambia kwamba si mlima.

Nilifundisha pale miaka kadhaa zaidi, kisha wakapata mtu mwenye dosye. Baba amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, na mtaa ulimzika kwa jina la Papa Prof. Ukienda leo kwenye chuo kile ukatafuta jina langu, watafungua kabati kwa heshima zote na hutakuta kitu. Lakini waombe daftari la getini. Humo ukoo wetu umo, kwa mwandiko wa fundi wa magari aliyekuja kumtembelea mwalimu ambaye hakuwepo.